Punje Moja Iliyobaki Bungoma

Simiyu, rafiki yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Kila mara naandika "hujambo" halafu naikata, kwa sababu ni swali la kijinga kumuuliza mtu ambaye nilimtupia udongo kaburini kwa mkono wangu mwenyewe. Basi nitaanza na habari za mpira wa kikapu, maana hizo hukuwahi kuzikataa. Wiki tatu zilizopita tulirudi Bungoma. Tulishindwa kwa pointi moja. Ungelalamika mpaka chuoni Kitale kwamba refa hana macho.

Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimeapa sitaukanyaga uwanja ule tena. Lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuja chumbani kwangu kuuliza ule mkebe wa mashabiki uko wapi na nani atawaonyesha unavyotumika, nikaona haya. Nikautoa chini ya kitanda. Ulikuwa na vumbi na bado unanuka mafuta ya kupikia.

Niliwaeleza ulikotoka. Niliwaambia kwamba kwetu cucu, nyanya yangu, hakukubali watu wahesabiwe kwa kidole kama ng'ombe mnadani, na mama yako kule Misikhu alikuwa vilevile, ndipo wewe ukasema, "Basi tuhesabu mahindi, watu tuwaache." Ukishuka kwenye basi, unatia punje moja mkebeni. Ukipanda kurudi, unatoa moja. Mkebe ukiwa mtupu, tunaenda. Ukibaki na punje, kuna mtu wetu yuko nje. Niliwaambia pia kwamba mahindi ni ya shamba la baba yangu, na kwamba wewe uliyakaanga kwenye sufuria kavu mpaka yakawa ya kahawia ili fukusi wasiyale, na kwamba Barasa, fundi wa mizaha, siku moja alipanda kurudi bila kutoa punje yake, nusura tukeshe tukimtafuta mtu ambaye ameketi. Walicheka sana. Nami nilicheka.

Lililobaki sikuwaambia. Wewe nakuambia, ingawa nadhani unalijua.

Mwaka jana, siku ile tuliyowashinda Bungoma, mvua ilikuwa inanyesha na watu walipanda basi wakiimba na kusukumana. Mkebe ulikuwa kwenye magoti yangu. Watu walipokwisha kuingia nikaangalia ndani. Kulikuwa na punje moja. Niliiona, Simiyu. Dereva akauliza kama twende. Nikajiambia ni Barasa huyo, ametia mbili kwa ujinga wake. Nilikuwa na njaa. Soksi zangu zilikuwa zimelowa. Nikaichukua ile punje, nikaitupa dirishani, nikasema, "Twende."

Ni hivyo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo mwaka mzima, sijaipata.

Simu yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwa maana hukupenda kupiga lile debe letu la mashabiki ukiwa na simu mfukoni. Kwa zile nyimbo sikuisikia ikilia. Tulipofika Webuye ndipo nikaona namba nisiyoijua imepiga mara tatu. Ilikuwa ya mwenye bodaboda. Ulikuwa umeazima simu yake ukapiga namba yako mwenyewe kunitafuta mimi, ukapanda nyuma yake kutufuata, na wakati nilipoipiga hiyo namba tayari mlikuwa mmelala kando ya barabara pale Matulo, na mtu aliyepokea hakuwa wewe wala yeye.

Kila mtu anajua ulichelewa kwa kupenda kwako. Hata mama yako alisema hivyo mbele ya jeneza, kwamba huyu mtoto alizaliwa akichelewa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza.

Sasa nikusimulie mchezo.

Uwanja wao ni ule ule, saruji yenye ufa katikati na mikaratusi nyuma ya ubao. Wageni bado tunawekwa upande wa ua wa waya, jua likitupiga usoni. Wao wanakaa kwenye ngazi, mamia yao, na bado wana ile tabia yao. Watu wengine hupiga kelele mgeni anapotupa mtupo huru. Wao hunyamaza. Wananyamaza wote kwa pamoja mpaka unasikia soli za mchezaji zikikwaruza. Unakumbuka ulivyoniambia mara ya kwanza? "Hawa watu wanatuloga, bana." Na ulikuwa unafurahi.

Tulijipanga kwenye ule ua tukabanana, kwa sababu safari hii tulikuja wengi. Mara nikasikia nyuma yangu, "Wanjilu, songa kidogo." Nikasonga. Nilisonga bila kugeuka, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwangu, kama tulivyozoea. Kisha nikakumbuka kwamba kwa chuo kizima hakuna mwingine aliyewahi kuniita Wanjilu, kwa ile "l" yako mahali pa "r". Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na waya, na nyuma ya waya shamba la mahindi machanga, hayajafika hata magotini.

Nafasi ile haikujazwa. Watu walikuwa wakikanyagana miguu, wengine wamesimama juu ya mawe, na hakuna aliyeingia pale. Barasa alikuja mbio amechelewa, akapima kwa macho, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema aliona kama kuna mtu.

Katika robo ya pili alipita yule mama wa njugu. Bado anavaa ile sweta ya kijani. Akanipa pakiti mbili. Nikamwambia nataka moja. Akasema, "Na ya mwenzako? Si nimemwona saa hii hapo kwa mti, amenionyesha vidole viwili." Sikumbishia. Nilizichukua zote mbili, moja nikaila, nyingine nikaishika hadi karatasi ikalowa jasho.

Nilijiambia ni jua. Mimi si mtu wa kuona vitu, unanijua, mimi ndiye niliyekucheka ulipokataa kulala chumba namba kumi na tatu.

Lakini robo ya tatu ilipoanza, debe likalia. Mapigo matatu, kimya, pigo moja. Yako. Yale uliyoyabuni ukipiga meza ya maabara mpaka mwalimu akakufukuza. Nikatazama chini; debe letu lilikuwa miguuni pangu na hakuna aliyeligusa. Mapigo yalitoka upande wao. Yalitoka kwenye ngazi, kwa Bungoma, na wenyeji wote waliyaitikia kwa miguu kama waliozaliwa nayo.

Robo ile ilipokwisha nilivuka uwanja peke yangu. Nilimkuta msichana mrefu amekalia debe, anaitwa Nekesa, ndiye kiongozi wa mashabiki wao. Nilimuuliza aliyapata wapi mapigo yale.

"Wewe ndio Wanjilu?" akaniuliza. "Huyo rafiki yenu alibaki hapa mwaka jana akitufunza. Tulimwomba sisi. Tukamwambia, 'Ati basi yenu si imeenda?' Akacheka. Akasema, 'Zii, haijaenda, Wanjilu ndio ako na mkebe. Hawezi niacha.' Akakaa hapo kwa hiyo jiwe akingoja. Kama nusu saa hivi. Mvua ikimnyeshea."

Nililitazama lile jiwe. Ni jiwe la kawaida tu, kando ya mfereji. Nusu saa, Simiyu. Kwa mvua ile. Nimejua mambo mengi mabaya kuhusu siku hiyo lakini hilo sikulijua, kwamba ulikuwa huna wasiwasi.

Sikumbuki nilirudije upande wetu. Mchezo ulikwenda bega kwa bega mpaka mwisho. Zikiwa zimebaki sekunde chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Kiptoo wetu alichezewa vibaya akapewa mitupo miwili. Wakanyamaza. Hata mikaratusi ilitulia. Mtupo wa kwanza ukagonga ubao ukaanguka nje. Alipoinua mikono kwa mtupo wa pili nikasikia debe lililokuwa miguuni pangu likilia. Mara tatu. Polepole, kama mtu anayepiga kwa kucha. Barasa alinigeukia, na yule msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa kushoto kwangu akanishika mkono. Mpira ulizunguka ukingo wa kikapu raundi mbili, ukatoka. Firimbi ikapulizwa, ngazi zote zikaripuka kwa shangwe, na katika kelele ile nililisubiri pigo la nne. Halikuja.

Tulipanda basi kabla ya saa kumi na moja. Nilisimama mlangoni, mkebe mkononi, kila mtu akatoa punje yake. Nilimwangalia kila mmoja usoni. Barasa nilimfungua kiganja. Mtu wa mwisho alipopita nikaangalia ndani.

Kulikuwa na punje moja.

Ilikuwa ya kahawia, imeungua kidogo kwenye ncha. Tulitazamana. Wote walikuwa ndani, kila mtu alimwangalia jirani yake na jirani wa jirani yake, wachezaji, kocha, wote. Kocha akasema, "Si mmoja ametia mbili tu. Twende." Dereva akawasha injini.

Nilimwambia azime. Nafikiri nilipiga kelele. Nilishuka, nikaenda mpaka kwenye lile jiwe, nikasimama kama mwehu mbele ya mashabiki wa Bungoma waliokuwa wakikunja bendera zao. Nilikumbuka neno alilolisema mama yako siku ya mazishi, kwamba mtu akianguka safarini asipoambiwa twende nyumbani hubaki pale pale akingoja, na kwamba wewe hakuna aliyekuambia, kwa sababu walikuchukua haraka. Basi nikakuambia. Nilisema, "Simiyu, nimerudi. Nimechelewa. Panda twende nyumbani." Nekesa alivua kofia yake.

Kiti chako cha nyuma kilikuwa wazi. Hakuna aliyekikalia. Hakuna aliyeimba. Tulipopita Matulo dereva alipunguza mwendo, na kile kiti chenye springi mbovu kikalia, kama kilivyokuwa kikilia ulipoinuka kuchungulia nje. Kocha alikuwa ameketi mbele yake. Hakugeuka, lakini niliona shingo yake ikikakamaa. Kisha kikalia tena, kama mtu amekaa.

Niliomba basi lisimame Misikhu. Nilikuwa nafikiria nitaulizia nyumbani kwenu, nitabisha hodi, nitapata dakika tano za kupanga maneno. Sikuzipata. Mama yako alikuwa amesimama kando ya barabara, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Sikuwa nimempigia. Alisema alikuwa anapika akaona tu aje asimame.

Nilimwekea ile punje kiganjani, nikamwambia yote pale pale, mlango wa basi ukiwa wazi na watu wakisikia. Nilimwambia kuhusu mvua na soksi. Nilimwambia kwamba hukuchelewa. Ulikuwa unatungoja.

"Uliiona?" akaniuliza.

Nikasema niliiona.

"Na ukasema twende?"

Nikasema ndiyo, mama, nikasema twende.

Hakunikumbatia, Simiyu. Sitaki kukudanganya. Alinitazama mpaka nikainamisha uso, na nilijua kwamba ana haki ya kunitazama hivyo maisha yake yote. Halafu akafunga kiganja chake. Akaangalia juu ya bega langu, ndani ya basi, kule nyuma. Akasema kwa sauti ya kila siku, ile ya mtu anayemwita mtoto aje kula, "Shuka basi, chakula kinapoa." Akageuka akaondoka kwenye njia ya kwenu, akitembea upande mmoja wa njia, kama mwenye mtu kando yake.

Kutoka pale mpaka Kitale kiti hakikulia tena. Nilitamani kilie. Nililia mimi.

Jana mama yako alinipigia simu. Mara ya kwanza tangu siku ile. Hakunisalimu vizuri, sauti yake bado ina ukali, na sikumlaumu. Alisema aliipanda ile punje karibu nawe, upande wa kichwani, na kwamba imeota. Ina majani mawili.

Nilikaa kitandani. Sikutaka tena kumficha kitu huyo mama, hata kimoja. Nikamwambia kwamba punje zile zote zilikaangwa, kwamba wewe mwenyewe ulizikaanga, na kwamba mahindi yaliyokaangwa hayaoti, baba yangu amelima mahindi maisha yake yote na hajawahi kuona.

Nilisikia kuku wake.

"Basi uje tupalilie," akasema, akakata simu.

Nitakuja Jumamosi. Nitapanda gari la asubuhi, na jembe nitalikuta huko. Mkebe nimewaachia wale wa mwaka wa kwanza, na nimewaapisha kwamba ikibaki hata moja, hata iwe mvua, hata iwe njaa, hakuna mwenye ruhusa ya kusema twende. Lakini hiyo ni ahadi yao. Yangu ni kwamba nitakuja kila msimu, mama yako anitake asinitake.

Lala sasa, Simiyu. Umefika nyumbani. Usiningoje kwenye jiwe lolote tena. Safari hii mimi ndiye nitakayekuja ulipo.

Wako,
Wanjilu