Jina la Muteti Katika Sala Yako

Munyiva wetu, leo tarehe 14 Agosti 2004 mwaka umetimia tangu utuache hapa Isinya.

Tunaikumbuka mikono yako iliyochanwa na miiba. Miaka tisa ulipanga waridi kule shamba la maua, na yale yaliyovunjika shina ulikuja nayo nyumbani ukayatia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo. Hakuna aliyepita kwako akaondoka bila chai.

Mama Kusuma wa Sri Lanka, aliyekuwa mkaguzi wa maua, ndiye aliyekufundisha kusali kwa njia ya Buddha. Kila asubuhi uliketi mbele ya ule mkebe, ushanga mkononi, ukinong'ona. Kaka yako Muteti akakutania, "Sala gani hiyo haina hata amina?"

"Siombi kupewa kitu, kaka. Wewe ukipiga magoti unamsomea Mungu listi ya duka. Mimi naufundisha moyo. Ua likinyauka, nakumbuka nami nitanyauka."

Siku hiyo mlicheka.

Kisha Muteti akauza ng'ombe wa mama bila kukuuliza, mkanuniana. Mwezi haukuisha, mgongo ukamshika. Asubuhi moja alifika mlangoni kwako akakusikia ukilitaja jina lake, shanga moja baada ya nyingine. Kwetu Ukambani, uliyemkosea akikutaja kwa siri, huulizi mara mbili: anakuroga. Akaleta wazee wa kanisa, akamwaga maua majirani wakiona, akatupa ushanga chooni.

"Mchawi wewe! Unanimaliza!"

"Kaka, keti nikueleze."

Hakuketi. Hakuja hata ulipougua. Alikuja kubeba jeneza.

Baada ya mazishi, Katee, mliyefanya naye kazi meza moja, alimweleza Muteti. Sala ile huanza na mtu mwenyewe, halafu anayempenda, halafu mtu baki, mwisho aliyemuudhi. "Kila asubuhi alisema: Muteti awe salama, mgongo wake upone, Muteti awe na amani. Ulipotupa ushanga, akahesabu kwa vidole. Mpaka wiki ya mwisho."

Muteti alikuita mchawi mbele ya watu, kwa hivyo anakiri mbele ya watu. Hukuwa mchawi. Yeye ndiye aliyekosa, na anaona aibu kushika hata udongo wa kaburi lako.

Mwezi uliopita aliweka waridi kwenye mkebe uleule akaanza, "Munyiva awe na amani." Katee akamkatiza, "Huanza na jina lako, mzee."

Akasema, "Muteti awe…" Akashindwa. Amejaribu kila asubuhi tangu siku hiyo, na bado hajafika mwisho. Wewe ulifika kila siku, hadi kwenye jina lake.

Wanaokukumbuka ni binti yako Mbeke, dada yako Evalyne, rafiki yako Katee, na kaka yako Muteti.

Siku zote tutakutaja kwa jina.