Naomi Kaniandika Gazetini

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimekama ng'ombe, nimepalilia kabichi mpaka mgongo umegoma. Mwanangu Naomi kaenda Lushoto kwenye mafunzo ya uandishi wa habari. Ni ya wanafunzi wa sekondari wa makabila madogo, na sisi Wambugu tumo. Analala kwa dada yangu. Sijui kama anakula.

Jumapili, 9 Juni
Naomi kaja kunisalimia. Tumemenya viazi, tukaongea. Nikamweleza habari ya lori. Tangu ushirika uache kununua mboga, mnunuzi ni tajiri mmoja tu wa Soni. Lori lake linapakia kwa wengine kwanza. Kwetu Wambugu linafika limejaa. Nikasema tajiri ana roho ya ubaguzi. Nilisikia raha kusema.

Alhamisi, 13 Juni
Naomi kaja kunisomea habari yake. Kaandika yote yale. Na jina langu! Huko mafunzoni wanatengeneza gazeti la ukutani, litabandikwa sokoni Soni. Tajiri akilisoma, kabichi zangu nitampa nani? Nimemwambia, "Nilikuwa naongea na mwanangu, sikuongea na gazeti." Naomi kaanza kulia. Anasema mwalimu hachapi habari isiyo na jina la msemaji. Nimemwambia afute.

Jumamosi, 15 Juni
Lori limekuja limejaa. Utingo kasema, "Mama, ngojeni Jumanne. Wambugu mna haraka gani, si mna ng'ombe wa kuzila hizo kabichi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimekasirika na hicho kicheko changu kuliko maneno yake. Kabichi zimeanza kupasuka shambani.

Jumapili, 16 Juni
Naomi kaja baada ya ibada. Kweli kafuta. Hana habari ya kutoa, wenzake wote wanazo. Nikamwambia akae, aniulize upya kama mtu wa gazeti. Kanipa shikamoo kwanza, kama mgeni. Kaniuliza jina. Rebeka Eliya, mkulima. Kuhusu roho ya tajiri nikamwambia asiandike, roho yake siijui. Aandike lori linafika limejaa. Hilo nimeliona kwa macho.

Jumatano, 19 Juni
Leo Naomi na mwalimu wamekwenda kwa tajiri, naye asikilizwe. Mtoto wa kidato cha tatu! Sikuweza kula. Karudi salama. Tajiri kasema ni ubovu wa barabara, hana ubaya na mtu. Naomi kaliandika na hilo. Halikunipendeza, ila ndivyo alivyosema.

Jumamosi, 22 Juni
Gazeti limebandikwa. Lori limepita kwangu bila kusimama. Nimebeba kabichi kichwani hadi Soni, nyingine zimebaki shambani. Majirani wawili wamenilaumu kwa kusema gazetini. Jioni kaja wa tatu, Mama Yohana. Kanywa chai. Alipoinuka kauliza Naomi anakuja lini. Ana la kusema, na jina lake atalitaja.