Salama, Afande

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba. Newala tu wazima, maji ndiyo shida ileile. Unauliza kwa nini nilikuwa nawaamrisha wanajeshi wastaafu niliowatibu saratani ya damu.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya dawa yakachipuka kila kona, sajini mmoja mstaafu wa kijiji cha Mkunya aliuziwa dawa za malaria mwaka mzima, huku bandama imevimba hadi kujaa tumbo. Wauzaji wakimwuliza hali, anajibu, "Salama, afande." Wanamwuzia tena.

Alipoletwa kwangu hospitalini akajibu vilevile. Nikasimama. "Sajini, toa ripoti ya mwili wako."

Akakaza mgongo, akaeleza yote: fizi kutoka damu, jasho la usiku, mbavu kuuma.

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniamuru, afande."

Ilikuwa saratani ya damu. Tulishachelewa, tukamzika. Hasira haijaniisha. Alifundishwa kutolalamika, wenye maduka wakaufanyia biashara ukimya wake. Ukishakuwa daktari, askari usimwulize hali. Mwamuru.

Bibi yako