Kompyuta ya Nyumba Mbili

Jumanne, 6 Oktoba 1998

Kompyuta imekataa. Inasema imejaa! Ndinda alikuwa anataipu mitihani ya mwisho wa mwaka ya shule zote za hapa — mwalimu mkuu Mutunga alituamini, akatuletea sisi, hakupeleka Kitui — kufika darasa la sita mashini ikasema hakuna nafasi. Msichana wangu amefuta barua za zamani, amefuta kadi za harusi. Wapi, bado imejaa. Jumanne ijayo asubuhi mwalimu anakuja kuchukua. Tukimwangusha, hakuna mtu Mwingi hii atatuletea tena hata karatasi ya matanga.

Ndinda hakula. Mimi nilikula kwa hasira.

Jumatano, 7 Oktoba

Nilituma dereva wa lori amwite Musembi kutoka Kabati. Ni mtoto wa mke mwenzangu Nthenya. Mzee wetu Kiilu alipokufa, wazee wa ukoo waligawa mali kwa nyumba, si kwa vichwa, vile inafaa. Nyumba kubwa, ya Nthenya, ikapata mashini ya kusaga posho. Nyumba yangu ikapata kompyuta, ile mzee alinunua kwa wazungu wa mradi wa maji wakienda kwao, kwa sababu Ndinda alisomea taipu. Musembi akanuna. Halafu akaja mwenyewe kutuwekea hiyo kompyuta — na mimi nikamchinjia kuku!

Leo ameangalia kidogo tu, akacheka.

"Mama Ndinda, kompyuta ni tumbo. Ikishiba imeshiba."

Eti tumpatie aende nayo Kabati, atatuletea taipureta. Taipureta! Ndinda akamwambia, kaka, si ulisema hii itatutosha miaka mingi? Akasema hiyo ni kwa watu wanajua kuitumia. Mbele yangu! Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikaurudisha kwa sufuria, Yesu ni shahidi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Tumeita Keinan, yule wa redio na TV karibu na msikiti. Ameingia akiuliza mgonjwa ni nani. Akabonyeza, kioo kikawa cheusi na maandishi meupe. Nikaogopa.

"Mama, hii haijashiba," akasema. "Hii imejengewa ukuta katikati."

Eti ndani kuna vyumba viwili. Sisi tunakaa kimoja. Kile kingine kimefichwa, hata mlango hauonekani. Nikauliza vyumba viko sawasawa? Akasema sawasawa, kama mtu alipima na kamba.

Hapo hapo nikajua. Amegawa kwa nyumba! Nusu ya nyumba kubwa, nusu yetu — kama shamba! Amepanda mkonge wa mpaka ndani ya kompyuta! Na zile Jumapili zote anakuja "kutusalimia", anakaa pale anabonyeza-bonyeza, kumbe analima kwake. Na chai yangu anakunywa.

Keinan alicheka mpaka akapangusa macho. "Sisi Wasomali tunagawana ngamia, mama, lakini hatujawahi kumgawa akiwa anatembea."

Dawa ni kubomoa ukuta, iwe chumba kimoja kama ilivyotoka kiwandani. Lakini ukibomoa, kila kitu kinapotea, pande zote mbili. Vya Ndinda vimeshawekwa kwa disketi. Vya Musembi je?

Nikasema bomoa. Bomoa sasa. Nataka aje akute uwanja.

Stima ikapotea, kompyuta ikazima. Shetani naye ana watu wake.

Jumamosi, 10 Oktoba

Hakuna stima. Nimefua nguo zote nikifikiria Musembi akilia. Nguo zimetakata.

Jumapili, 11 Oktoba

Pasta amehubiri juu ya kusamehe saba mara sabini. Nilikuwa naangalia dari.

Stima imerudi mchana. Keinan akasema kabla hajabomoa afungue ule upande mwingine aone, isiwe kuna kitu cha serikali. Michezo ya karata. Kwaya ya Kabati. Nikasema unaona? Takataka. Akabonyeza kingine, na nyumba ikajaa sauti ya Nthenya.

Nthenya! Tangu ule ugonjwa umpindishe mdomo mwezi wa tatu hajasema neno. Namlisha na kijiko nikienda Kabati. Na hapa anaongea — vile alikuja kuolewa, ile njaa ya kula mizizi, watoto aliozika, mmoja mmoja kwa jina lake. Nikakumbuka. Mwaka jana Musembi alimleta hapa na kipaza sauti kidogo, nikaona ni mchezo. Mara akakatiza hadithi, akaniita mimi: "Mbinya! Uji unamwagika, unaota nini?"

Niligeuka. Nimegeuka kweli nikaangalia jiko.

Ndinda analia. Keinan akauliza, nibomoe? Nikamwambia nenda nyumbani, urudi kesho. Kwa disketi haiwezi kuingia, anasema sauti ni kubwa mno.

Nthenya ndiye alimkata Ndinda kitovu, usiku wa mvua, kwa mikono yake. Musembi hajawahi kunikatia hata mboga ya sukuma.

Jumatatu, 12 Oktoba

Ndinda alimtumia Musembi habari. Mtoto wangu mwenyewe! Amefika asubuhi, unga bado uko kwa nyusi.

"Mwaitu," akasema.

Ananiita mama yangu! Miaka yote hii ni mama Ndinda, mama Ndinda, leo nimezaa mwanaume wa ndevu.

"Mwaitu, usifute sauti ya mama."

Nikamwuliza nani alijenga ukuta. Akasema mashini ya posho ilikuwa mbovu wakati ule, wazee hawakuiwasha kabla ya kugawa, kwa hivyo nusu ya kompyuta ilikuwa haki ya nyumba yao. Hakuiba. Aliweka mpaka tu.

"Mpaka unawekwa bila shahidi?"

Akakung'uta unga kwa mkono wa shati.

"Na Jumatano ulikuwa unacheka nini?"

Ndinda akaangalia chini. Mimi sikuangalia chini.

Keinan ndiye alileta akili. Redio ya kaseti iwekwe karibu na spika, Nthenya aongee, kaseti ishike. Lakini itachukua muda ule ule aliotumia kuongea, na Ndinda hawezi kutaipu mpaka ukuta ubomolewe. Na Nthenya alikuwa mtu wa maneno! Nikasema sawa. Mpaka saa kumi jioni. Saa kumi tunabomoa, awe amemaliza ama hajamaliza. Na wewe Musembi utashika hiyo redio juu hapo kwa spika, kwa mikono yako, na baadaye utaenda kuwaambia wazee ule mpaka ulikuwa wapi.

Naandika kwa sababu hatuwezi kuongea. Mtu akikohoa inashikwa. Musembi amesimama tangu asubuhi, mikono juu, unga unamwingia puani na hawezi kupiga chafya. Nimeweka kiti changu mbele yake. Namwangalia tu. Maneno yote nilikuwa nayo ya kumwambia, namwambia kwa macho, na hawezi kujibu! Bwana asifiwe. Akiangalia pembeni nasogeza kiti.

Saa kumi imefika. Ndinda ananionyesha saa. Ameandika kwa kiganja chake, *mama bado madarasa matatu*. Keinan ameinua nyusi.

Nthenya amefika pale mzee alimletea mke wa pili, ndiye mimi. Anasema alikuwa amejifungia ndani akilia, hataki kuniona. Halafu akachungulia dirishani. Anacheka, ile yake ya kukohoa. Anasema, nikaona kasichana kamebeba sufuria kubwa kuliko kenyewe —

Machozi yanamtoka Musembi na hawezi kuyapangusa. Vizuri. Yatoke.

Kaseti imelia tap, imefika mwisho wa upande. Keinan amesimamisha kila kitu. Wote wananiangalia. Ndinda ameshika kichwa.

Nimemwambia Keinan ageuze.