Gauni Lililoishtua Benki

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Funguo za stoo ziko juu ya friji. ~~Asubuhi sikupita popote.~~ Hapana, acha niseme kweli. Nilikwenda kukununulia gauni, kadi ikakataa mbele ya watu. Mara dada wa benki akapiga simu: “Baba, miaka tisa kadi hii inanunua matairi na oili tu. Leo gauni la kike? Tukaona huyu si wewe, tukaizuia.” Nilitamani ardhi inimeze.

Akaifungua. Muuzaji akauliza saizi yako, kumbe siijui. Nikatoka mikono mitupu.

Saa kumi nakupitia, twende wote. Benki nimeshawaambia: wakiona gauni tena, ni mimi kweli.

Baba watoto