Mstari wa Mize

Juani, 2 Machi 2022

Mwanangu Wilbrod,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila magoti hayaachi kunikumbusha kuwa nimeshastaafu ukunga. Wewe hujambo huko Dar? Unakula?

Flashi yako Shamte wa boti kanifikishia, kaileta ndani ya kopo la kahawa isilowe. Nilipofungua programu ya wajawazito wetu nilishtuka, nikadhani kompyuta si yangu! Lile dirisha la kijivu na vitufe vyake vya mraba, vyote vimekwenda. Sasa vitufe vina kona za mviringo, maandishi meupe juu ya bluu nzito, kama simu ya mtoto wa tajiri. Wajawazito waliokuja kunisalimia wameona majina yao humo, wakapiga vigelegele. Umenipendezesha uzeeni.

Shangazi yako,
Albina

Dar es Salaam, 8 Machi 2022

Shangazi mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Nakula, acha kunisingizia.

Nimefurahi mno. Programu ni ileile ya Python niliyokuandikia mwaka juzi. Nimeibadilisha nguo tu, mwili sijaugusa. Mjamzito akibakiza wiki mbili, mstari wake unageuka mwekundu kama zamani, nawe unamwita avuke bahari, atoke hapo kisiwani akangoje Kilindoni, karibu na hospitali. Tarehe 22 naipeleka kwenye maonesho ya vijana wabunifu. Ile ya kijivu ningeona haya kuionesha.

Niambie kama kuna kinachokwama.

Mwanao,
Wilbrod

Juani, 16 Machi 2022

Wilbrod,

Salamu nitaziandika siku nyingine. Nilikupigia simu mara mbili, nikakata kabla hujapokea kwa sababu nilikuwa nalia.

Unamkumbuka Mize, binti wa Bi Kijakazi, aliyekupikia pweza ulipokuja? Jumatatu uchungu ulimshika. Nikasema haiwezekani, mstari wake haujawa mwekundu! Kila asubuhi nimefungua kompyuta, nimeona maandishi yote meupe, nimemshukuru Mungu kwamba hakuna wa kuvuka. Naye alikuwa anangoja nimwite, kama nilivyowazoesha wote. Nikatoa daftari langu la zamani, nikahesabu kwa vidole. Alikuwa amebakiza siku nne.

Tulimpakia kwenye boti ya Shamte. Maji yalikuwa yamekupwa, tukakwama mchangani mpaka askari wa hifadhi ya bahari walipotuona wakaja kutuvuta. Mtoto alitanguliza miguu. Miaka thelathini na moja ya ukunga, Wilbrod, na mikono yangu hii haikuweza. Mize yu hai, amelazwa Kilindoni. Mtoto tumemzika jana.

Bi Kijakazi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mbona mwanangu hukumwita?"

Nimjibu nini?

Shangazi yako

Dar es Salaam, 20 Machi 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea palepale nilipoipokea, nikakaa chini kwenye vumbi. Sijaweza kula tangu jana.

Nimefungua programu, nikaandika mjamzito wa kubuni aliyebakiza siku nne. Ndani kwa ndani imehesabu sawasawa na kuagiza nyekundu. Lakini lile vazi jipya linapaka rangi yake juu ya kila mstari, nyekundu inafunikwa. Vitufe vyote vinavyong'aa nilivijaribu, shangazi, kimoja kimoja. Mstari mwekundu sikujaribu hata mmoja. Kosa ni langu. Mwambie Bi Kijakazi hivyo, kwa jina langu.

Maonesho nimejitoa. Ndani ya flashi hii kuna ile ya kijivu. Majina yote yatakuwemo kama ulivyoyaacha.

Mwanao,
Wilbrod

Juani, 25 Machi 2022

Mwanangu,

Marahaba. Kula, tafadhali.

Bi Kijakazi nimemwambia la kwako, nikamwambia na la kwangu: daftari niliacha kuliangalia kwa sababu kompyuta ilikuwa nzuri. Alinimiminia chai.

Nimeiweka ile ya kijivu. Papo hapo mistari miwili ikawaka nyekundu. Mmoja ni wa Ummy. Shamte kamvusha leo asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Wa pili ni wa Mize. Mstari wake bado unanidai nimwite. Nimejaribu kuufunga, lakini ulivyoiandika programu, haikubali mpaka nijaze jina la mtoto.

Niandike nini, Wilbrod?

Shangazi yako,
Albina