Pete ya Baba

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
Jumamosi, 14 Juni

Kaka mpendwa,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepoa? Sisi wazima, ila moyo wangu haujatulia tangu Alhamisi, na wa kumweleza ni wewe tu.

Unajua Baba alivyo tangu astaafu ufundi redio. Miaka mitatu anachora elektroni. Vitabu ninavyofundishia vinasema elektroni ina spini, yaani hulka kama ya mzunguko, lakini si kijimpira kinachojizungusha kama pia ya watoto. Kingekuwa hivyo, uso wake ungeipita kasi ya mwanga. Baba hakukubali. "Kitu kina spini halafu hakizunguki? Nyie walimu mnatufanya watoto!" Akabuni ya kwake: elektroni ni wimbi linalokimbia ndani ya pete. Akasokota na mfano wa waya wa shaba. Mhadhiri mmoja wa chuo akamwalika akaueleze.

Kaka, Jumatano nikaliona kosa. Pete yake ukiizungusha mara moja, inarudi ilivyokuwa. Elektroni hairudi ilivyokuwa mpaka izungushwe mara mbili. Nikamkuta anapiga pasi shati huku anapiga mluzi. Sikumwambia. Nilisingizia presha yake. Kweli niliogopa tu.

Alhamisi chuoni alieleza vizuri, watu wakasikiliza. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza hilohilo. Baba akaizungusha pete mkononi, mara ya kwanza, mara ya pili, jasho linamtoka. "Hapo mmenishika," akasema. Akanitazama mimi, si aliyeuliza.

Kwenye ngazi akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, Baba. Tangu jana."

Ijumaa kutwa hakunisemesha. Dawa zake alimeza bila kukumbushwa, na hilo ndilo lililonitia hofu kabisa.

Leo asubuhi nilikuwa darasani na wanafunzi wa masomo ya ziada. Mlango ukafunguliwa, akaingia, akajibana kwenye dawati la nyuma, akanyoosha kidole. "Mwalimu, hiyo mara mbili inakuwaje?" Darasa likacheka. Nilieleza, naye akabisha kila mstari mpaka kengele ikalia.

Mlangoni akanigeukia. "Siku nyingine uniaibishe nyumbani kwanza."

Sijui kama ndiyo kunisamehe. Mpigie simu umsikilize sauti, ila usiseme nimekuandikia.

Msalimie sana wifi, na wabusu wanangu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku.